PDF Nzito: Kipi Kibanwe, Kipi Kiachwe

Ripoti ya kurasa 40 yenye picha 30 haina sababu ya kufika MB 180. Ikifika huko, ujue sehemu kubwa ya uzito ni vitu ambavyo msomaji hatavitia machoni hata akiukuza ukurasa mpaka mwisho: pikseli za ziada, pande za picha zilizofichwa nje ya fremu, wakati mwingine hata nakala ya pili ya kazi nzima iliyopachikwa kimyakimya na programu. Mtu angetarajia kazi ya kupunguza ukubwa wa PDF ianze kwa kuondoa hivyo. Badala yake huanzia kwenye tovuti ya kubana mafaili, dakika chache kabla dirisha la zabuni halijafungwa, na huishia na nembo yenye ukungu na sura za watu zilizokatika vimraba.

Wanaodai faili liwe dogo ni wengi, na madai yao hayafanani. Seva nyingi za barua pepe hukataa ujumbe unaozidi MB 20 au 25. Hapo pana mtego: kiambatisho hakisafiri kama kilivyo, bali hugeuzwa kwanza kuwa herufi za kawaida, na ugeuzaji huo huongeza uzito kwa theluthi moja hivi. Faili la MB 20 likiwa njiani ni karibu MB 27, ndiyo maana mtumaji huapa kwamba yuko chini ya kikomo na bado ujumbe ukamrudia. WhatsApp ililegeza kamba mwaka 2022 ilipopandisha kikomo cha nyaraka kutoka MB 100 hadi GB 2, na tangu hapo wapo wasanifu waliojiona wamekombolewa. Mifumo ya kupokea maombi ya kazi, ya vyuo na ya zabuni haijalegeza. Ukizidi kiwango chake faili halipiti, wala hakuna wa kumbembeleza.

Dai lililobaki haliandikwi kwenye maelekezo yoyote, nalo ni la mfuko wa msomaji. Mwalimu wa Sumbawanga anayepakua mwongozo wa MB 90 kwa bando lake mwenyewe analipia uzembe wa mtu aliyekaa kwenye ofisi yenye Wi-Fi. Kwangu hili ndilo dai zito kuliko yote, na ndilo linalofanya mada hii istahili zaidi ya vidokezo vya kiufundi.

PDF yenyewe haikubuniwa ili iwe nyepesi. Mwaka 1991 John Warnock, mmoja wa waanzilishi wawili wa Adobe, aliandika andiko fupi kuhusu mradi alioupa jina Camelot. Kilichomsumbua ni kwamba waraka uliopendeza kwenye kompyuta moja ulivurugika ukifunguliwa kwenye nyingine: fonti hazipo, mistari imehama, printa haielewi. Toleo la kwanza la PDF lilitoka mwaka 1993, na mwaka 2008 muundo huo ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuufanya waraka ubebe kila kitu chake popote uendako. Kwa hiyo ndani ya PDF moja mna maandishi, fonti, michoro ya vekta, picha, maelezo ya rangi, na taarifa ambazo programu iliyotengeneza faili hujiwekea yenyewe, na kila kimoja kina namna yake ya kubanwa. Anayesema "nibanie hii PDF" anaomba mambo sita kwa mpigo, na huenda ni moja tu linalohitajika.

Mara nyingi hilo moja ni picha. Ukurasa wa A4 una milimita 210 kwa 297. Ukiujaza picha yenye pikseli 300 kwa kila inchi, kiwango kinachozoeleka kwa uchapaji mzuri, unapata pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Katika rangi za skrini kila pikseli hula baiti tatu, hivyo ukurasa huo kabla ya kubanwa ni MB 26. Katika rangi nne za mashine ya kuchapa ni karibu MB 35. Shusha pikseli hadi 150 kwa inchi na ukurasa uleule wa skrini unabaki na MB 6.5. Wengi hudhani ukigawa kwa mbili utapata nusu, kumbe unapata robo, kwa sababu unapunguza upana na urefu kwa pamoja. Hakuna kitufe kingine katika programu yoyote ya usanifu chenye nguvu kama hiki.

Na hapo tumechukulia kwamba picha imewekwa kwa saizi yake halisi, jambo ambalo ni nadra. Chukua picha ya kawaida ya kamera ya leo, pikseli 6,000 kwa 4,000. Msanifu anaivuta ndani ya ukurasa na kuikunja mpaka ienee kwenye fremu yenye upana wa sentimita 9, kama picha ya mkurugenzi kando ya salamu zake. Picha haijapoteza kitu kwa kukunjwa. Zile pikseli 6,000 zimesongamana ndani ya inchi tatu na nusu, na wingi wake halisi sasa umefika karibu 1,700 kwa inchi. Mashine ya kuchapa ingetosheka na upana wa pikseli 1,063. Skrini ingetosheka na nusu ya hapo. Ukizihesabu zote, picha ina pikseli mara 32 ya zinazohitajika kwa uchapaji na zaidi ya mara 120 ya zinazohitajika kwa kusoma kwenye simu. Zidisha kwa picha 30 na ile MB 180 ya mwanzo imejieleza.

InDesign huonyesha namba hiyo ya wingi halisi kwenye paneli ya viungo, ukibofya picha. Ni namba inayostahili kutazamwa kabla ya kazi kutoka, na ni wachache wanaoitazama.

Programu zenyewe zina viwango vilivyopangwa tayari, na ni vizuri kujua vinafanya nini badala ya kuamini majina yao. Katika InDesign, kile cha uchapaji wa hali ya juu hupunguza picha hadi pikseli 300 kwa inchi, lakini zile tu zilizozidi 450. Picha yenye 440 hupita bila kuguswa ingawa ina pikseli zaidi ya maradufu ya zinazotakiwa. Kile cha faili dogo kabisa, kinachosomeka "Smallest File Size" kwenye orodha, hushusha hadi 100 kwa zilizozidi 150, kisha hugeuza rangi kuwa za skrini. Sina mapenzi nacho. Kinafaa rasimu ya kumwonyesha mteja mpangilio, lakini ripoti yenye ramani, grafu zilizopigwa picha na nembo za wafadhili hutoka imechujuka. Njia ya kati ipo: chagua kiwango hicho kama mwanzo, andika 150 mahali pa 100, panda kidogo kwenye ubora, kisha hifadhi mpangilio huo kwa jina lako. Ni kazi ya dakika mbili inayodumu miaka.

Canva haikupi uhuru huo. Inakuuliza tu kama unataka PDF ya kawaida, ambayo ni nukta 96 kwa inchi, au ya kuchapa, ambayo ni 300. Kwa kadi ya mwaliko ya kusambaza kwenye simu ya kwanza inatosha kabisa, na bado nimeona watu wakichagua ya pili kwa sababu inasikika bora. LibreOffice, ambayo ni bure na ipo kwenye kompyuta nyingi za shule, ina dirisha zuri la kutoa PDF kuliko inavyosifiwa: unaandika mwenyewe ubora wa JPEG kwa asilimia na kikomo cha nukta kwa inchi. Scribus nayo ina sehemu ya kuweka kikomo cha pikseli kwa picha zote. CorelDRAW, inayotawala maduka ya uchapaji kuanzia Kariakoo hadi River Road, hutenganisha picha za rangi, za kijivu na za nyeusi na nyeupe, kila aina na kikomo chake. Wengi hubofya kukubali bila hata kuifungua sehemu hiyo.

Hadi hapa tumezungumzia idadi ya pikseli. Kuna kitelezi kingine, cha ubora wa JPEG, na viwili hivi vinachanganywa mno. JPEG, iliyokubaliwa kuwa kiwango mwaka 1992, huikata picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, kisha katika kila mraba hutupa mabadiliko madogo ya haraka ambayo jicho huyapuuza. Ukishusha kitelezi, hutupa zaidi, mpaka miraba yenyewe inaanza kuonekana. Sasa tofauti muhimu ni hii: ubora ukishuka, faili husafiri likiwa dogo, lakini simu inapolifungua inalazimika kuifumua picha yote upya. Ule ukurasa wa A4 wenye pikseli milioni 8.7 utadai MB 26 za kumbukumbu ya simu hata kama ndani ya faili ulibanwa hadi KB 400. Simu ya bei nafuu hukwama hapo, ukurasa ukabaki mweupe huku msomaji akigusa kioo. Ukipunguza pikseli unapunguza safari na ufunguzi kwa pamoja. Ndiyo maana ushauri wangu ni kupunguza pikseli kwanza hadi kiasi kinachohitajika, kisha kushusha ubora kwa mkono mwepesi. Wanaofanya kinyume hupata faili baya na zito kwa wakati mmoja.

JPEG vilevile si ya kila picha. Inafaa nyuso, mandhari, vitambaa, vyakula. Picha ya skrini ya kompyuta, grafu yenye rangi bapa, nembo yenye kingo kali, hizi zikipitishwa humo hutoka na vumbi kuzunguka herufi, na mara nyingi hazipungui kama ambavyo zingepungua kwa mbano usiopoteza kitu. Kosa la upande wa pili ndilo linaloumiza zaidi: picha ya mtu iliyokatwa mandharinyuma na kuhifadhiwa kama PNG. Kwa kuwa ina sehemu zinazopitisha mwanga, programu nyingi huiingiza kwenye PDF kwa mbano usiopoteza kitu na kuiongezea picha ya pili ya kuonyesha wapi pa wazi na wapi pa kuziba. Wafanyakazi kumi wa taasisi, kila mmoja amekatwa mandhari na kuwekwa juu ya duara la rangi, wanatosha kuongeza makumi ya megabaiti kwenye ukurasa mmoja. Dawa ni kutumia JPEG na kuikata kwa fremu ya duara ndani ya programu ya kupanga kurasa, pale ambapo umbo linaruhusu.

Fremu nazo zina siri yake. Ukiificha nusu ya picha nyuma ya fremu, kwa macho imekwisha kukatwa, lakini kwa faili huenda ipo yote. InDesign huwa na kisanduku cha kukata kilichojificha wakati wa kutoa PDF, na kwa kawaida kimeshawekwa alama. Illustrator, Inkscape na CorelDRAW hubeba picha nzima ndani ya umbo la kukatia. Hili si suala la uzito peke yake. Mtu mwenye programu ya kuhariri PDF anaweza kuitoa picha hiyo nje ya fremu na kuona ulichoficha: mtoto ambaye hakupaswa kuonekana, namba ya gari, hati iliyokuwa mezani. Kata picha kweli, katika programu ya picha, kabla ya kuiweka.

Illustrator ina jambo jingine, na kama msomaji atachukua kitu kimoja tu hapa, achukue hiki. Unapohifadhi PDF kutoka humo kuna kisanduku kiitwacho "Preserve Illustrator Editing Capabilities". Kikiwa na alama, faili hubeba PDF ya kawaida ambayo kila mtu anaiona, pamoja na data za kazi yote kwa lugha ya ndani ya Illustrator, ili ukiifungua tena humo upate matabaka na athari zako zote. Ni faili mbili ndani ya ganda moja. Ondoa alama na bango lililokuwa MB 60 linaweza kushuka sana bila pikseli hata moja kuguswa. Lakini hifadhi kwanza faili lako la kazi pembeni, maana PDF iliyobaki haitaharirika kama mwanzo.

Uzito mwingine wa kujificha hutokana na namna faili linavyohifadhiwa. Muundo wa PDF unaruhusu mabadiliko kuongezwa mwishoni mwa faili bila kuandika upya yaliyotangulia. Ukifuta kurasa kumi katika programu ya kuhariri na kubonyeza kuhifadhi tu, kurasa hizo zinaweza kubaki ndani, zimeondolewa kwenye orodha lakini hazijatupwa. Faili linakuwa kubwa baada ya kufutwa, jambo linalowashangaza watu kila siku. Kuhifadhi kwa jina jipya hulazimisha programu nyingi kuandika faili lote upya na kuacha taka nje. Kuunganisha PDF kadhaa kuwa moja nako huleta fonti ileile mara tano na nembo ileile mara tano, kila sura na yake. Ndiyo maana kitabu kilichopangwa kama faili moja huwa chepesi kuliko kilichoshonwa kwa vipande.

Picha zikiwa zimetengenezwa na faili bado ni zito, angalia michoro. Vekta husifiwa kwa wepesi, na sifa hiyo ni ya haki kwa nembo na michoro ya kawaida. Ramani yenye mistari ya mwinuko, iliyotolewa kwenye programu ya ramani na kuingizwa kwenye ripoti ikiwa na nukta laki kadhaa, ni habari nyingine. Huenda faili lisizidi MB 4, lakini simu itachora kila mstari mmoja mmoja kila msomaji anaposogeza ukurasa. Ramani ya namna hiyo irahisishwe kwenye programu yake kabla ya kutoka, au kwa toleo la skrini igeuzwe picha na majina ya miji yabaki juu yake kama maandishi. Vivuli laini na ukungu wa Inkscape na CorelDRAW tayari hugeuzwa picha wakati wa kutoa, kwa kiwango cha nukta ulichoweka au usichojua kwamba kimewekwa. Kivuli kimoja nyuma ya kichwa cha habari hakina neno. Kivuli kwenye kila kisanduku cha kila ukurasa kina neno.

Toleo la PDF unalochagua nalo lina mchango, ingawa si mkubwa. Vitu vinavyopitisha mwanga vilikubalika rasmi kuanzia PDF 1.4 ya mwaka 2001, na 1.5 ikaleta namna ya kubana hata orodha za ndani za faili. Bado kuna watu wanaochagua 1.3 kwa sababu miaka mingi iliyopita mchapaji mmoja aliwaambia hivyo. Toleo hilo hulazimisha kila kivuli na kila tabaka la mwanga kusagwa, picha zikakatwa vipande vipande, na faili likanenepa. Muulize mchapaji wako wa leo. Akiwa na mashine ya karibuni atapokea PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji inayobeba vitu hivyo bila kuvisaga, bila shida.

Fonti hulaumiwa bure. PDF iliyotolewa vizuri haibebi fonti yote, hubeba herufi zilizotumika tu, na utalijua hilo ukiona kwenye sifa za faili jina la fonti limetanguliwa na herufi sita za ovyo na alama ya kujumlisha. Kwa maandishi ya Kiswahili uzito wake ni kilobaiti kadhaa kwa kila fonti. Kinachoongeza uzito ni ile tabia ya kuvunja maandishi yote kuwa michoro kabla ya kutoa. Mafundi wa pleti waliidai zamani kwa kuwa walipokea faili la Corel bila fonti zake, na kwa bango lenye maneno sita bado haina madhara. Kwa kitabu cha kurasa 200 ni hasara tupu: kila "a" inachorwa upya kila inapotokea, msomaji hawezi kutafuta neno, na kipofu anayetumia programu ya kusoma skrini hasikii chochote. Kwa ajili hiyohiyo napinga ushauri wa kufuta alama za muundo wa waraka ili kuokoa nafasi. Alama hizo ndizo zinazoiambia programu ya kusoma kwamba hiki ni kichwa, hili ni jedwali, hii ni picha na maelezo yake ni haya. Ni kilobaiti chache za kuokoa kwa gharama ya kumfungia mtu mlango.

Kwenye kazi ndogo kama wasifu wa ukurasa mmoja, kinachoshangaza ni maelezo ya rangi. Yale ya skrini ya sRGB ni KB 3 hivi. Ya uchapaji wa rangi nne hupita KB 500 kwa urahisi. Mwombaji kazi anayeambiwa asizidi KB 500 huku faili lake lina maandishi matupu anaweza kuwa amebeba maelezo ya rangi ya mashine ambayo hataiona maishani.

Utajuaje basi ni kipi kinachokula nafasi kwenye faili lako? Acrobat ya kulipia ina ukaguzi unaogawa uzito kwa asilimia: picha kiasi gani, fonti kiasi gani, michoro kiasi gani. Asiye nayo atumie pdfimages, programu ndogo ya bure iliyomo katika mkusanyiko wa Poppler. Ukiipa faili inaweza kuorodhesha kila picha, ukurasa wake, pikseli zake, wingi wake kwa inchi na uzito wake. Macho huenda moja kwa moja kwenye mstari unaosema 1,700 kwa inchi. Na asiyetaka kugusa amri zozote atoe kurasa chache chache kama faili tofauti na kulinganisha. Kurasa zenye mzigo zitajitaja.

Yote haya yanadhani unalo faili la kazi. Mara nyingi hunalo: umepokea PDF tayari, aliyeitengeneza hapatikani. Hapo ndipo Ghostscript inapofaa. Ni programu ya bure iliyoanza mwaka 1988, na wengi huitumia bila kujua, kwa kuwa imejificha ndani ya zana nyingine. Ina viwango vinne vinavyotajwa sana: cha skrini hushusha picha hadi nukta 72 kwa inchi, cha kitabu cha kielektroniki 150, na viwili vya uchapaji 300. Cha 150 ndicho kinachofaa shughuli nyingi za ofisi. Fahamu tu kwamba Ghostscript haibani faili lako. Hulisoma na kuandika jingine jipya, na katika kuandika upya huenda baadhi ya alama za muundo na viungo vikapotea. Kagua kabla hujatuma.

Tovuti za kubana mafaili hufanya kazi ileile kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kwa kipeperushi cha tamasha, sawa. Kwa vyeti, mikataba, orodha ya mishahara au zabuni, unakabidhi waraka kwa usiyemjua. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, na ofisi inayopakia taarifa za wateja kwenye tovuti ya kwanza iliyotokea kwenye utafutaji inacheza na sheria hizo.

Na kuna mbano unaodanganya. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kuskani zilikuwa zikibadilisha tarakimu. Kwenye mchoro wa nyumba vyumba vitatu vilikuwa na eneo tofauti. Nakala iliyotoka kwenye mashine ilivipa vyote mita za mraba 14.13. Chanzo kilikuwa mbano uitwao JBIG2, ambao hutafuta maumbo yanayofanana kwenye ukurasa, huhifadhi moja na kulirudia kila linapotokea. Mashine ilihesabu namba mbili tofauti kuwa zinafanana vya kutosha. Hakukuwa na ukungu wala miraba ya kumshtua mtu. Tarakimu zilikuwa safi, kali, na za uongo. Xerox ilitoa masasisho ya kurekebisha. Somo kwa mwenye hesabu, ramani za viwanja au matokeo ya maabara ni kuchagua mbano usiopoteza kitu kwa kurasa za maandishi meusi. Hauna gharama kubwa: A4 ya nyeusi na nyeupe tupu kwa nukta 300 ni MB 1 tu kabla ya kubanwa, na mbano wa kale wa faksi huishusha hadi makumi ya kilobaiti. Kinachofanya mikataba iliyoskaniwa iwe mizito ni kuiskani kwa rangi wakati chenye rangi ni muhuri peke yake.

Upande wa uchapaji, watu huogopa kupunguza chochote, na hofu hiyo imekua kuliko sababu yake. Ile 300 ilitokana na jarida linalochapwa kwa mistari 150 ya nukta kwa inchi, ikazidishwa kwa mbili. Gazeti huchapwa kwa mistari 100 au pungufu, hivyo tangazo la gazeti linatosheka na 200. Bango la mita 3 kwa 1 likitengenezwa kwa 300 katika rangi nne ni karibu GB 1.7 za picha kabla ya kubanwa. Kwa 100 ni MB 186, na anayelitazama akiwa ng'ambo ya barabara hatajua tofauti. Vilevile usimpe mchapaji faili la skrini kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu kwenye simu. Pikseli zilizotupwa hazirudi. Hali ni hiyohiyo kwa picha ambazo wateja hututumia kwa WhatsApp kama picha badala ya nyaraka: upande mrefu ukiwa wa pikseli 1,600 unatosha sentimita 13 na nusu za uchapaji mzuri, si zaidi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba hakuna PDF moja inayofaa kila kazi, na anayetafuta faili dogo linalochapika vizuri na kusomeka haraka kwenye simu anatafuta vitu viwili. Toa mafaili mawili kutoka kazi moja: la mchapaji kwa 300, alama za kukatia na rangi nne, la msomaji kwa 150, rangi za skrini, bila data za kuhariri. Yape majina yanayotofautisha matumizi, si "mwisho" na "mwisho kabisa". Nawe unayeagiza kazi, iwe wizara, shirika au shule, andika kwenye hati ya makubaliano kwamba unataka yote mawili na taja kikomo cha lile la pili kwa megabaiti. Msanifu hatakutoza zaidi kwa hilo, na usipoliandika atakukabidhi la MB 180.